Siku moja maishani mwangu: jakaranda mbichi, Nakuru

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mkokoteni umefika kabla ya chai. Magogo ya jakaranda ya kuchonga, yamekatwa jana, ukiyagusa mkono unalowa.

Saa moja. Kazi ya ncha haingoji. Maji hutoka kwenye ncha za gogo zaidi ya mara kumi kuliko ubavuni, kwa hiyo huko ndiko hupasuka kwanza. Kwa jua na upepo wa hapa Nakuru, gogo lililosahauliwa hadi adhuhuri tayari lina nyufa. Nayeyusha mishumaa kwenye sufuria kuukuu, napaka nta ncha zote. Wengine hupaka rangi ya ukuta iliyobaki. Inasaidia, ila mimi naamini nta.

Saa tatu. Kabari na nyundo. Mti hunywea kufuata mviringo wake karibu mara mbili ya unavyonywea kuelekea katikati, ndiyo maana gogo zima halikosi kujipasua. Afadhali nilipasue mimi, ninapotaka, nikipitia kwenye kiini, kisha kiini chenyewe nakitupa. Mabakuli nayakwangua kwa tezo yakiwa bado mabichi, ukuta mnene, halafu nayafukia kwenye gunia la maranda makavu yapoteze maji polepole. Nawaonea wivu wachonga mawe wa Tabaka kule Kisii. Jiwe lao halinywei.

Saa saba. Ugali, sukuma.

Saa nane. Mama mwenye duka la zawadi anataka twiga wa wiki ijayo, na amependa mti wa leo kwa weupe wake.
“Mama, huyu shingo itapinda.”
“Si umweke juani, fundi?”
“Juani ndiko atapasuka.”
Amenuna kidogo, kisha amechagua kipande cha mwaka jana. Bei yake iko juu. Ule muda wa kungoja nao unalipiwa, hata kama wateja hawapendi kusikia hivyo.

Saa tisa. Mizani. Kila kipande kina uzito wake ulioandikwa kwa penseli. Kile cha kilo 4.6 sasa ni 3.1, na bado kinashuka, basi kirudi kivulini. Uzito ukigoma kushuka mwezi mzima, nachukua patasi.

Saa kumi na moja. Napanga vipande vipya juu ya vijiti ili hewa ipite chini. Kimoja cha zamani kimemwaga unga laini sakafuni: dumuzi. Nimekitoa nje ya banda kabla hajahamia kwa majirani.