Nilizaliwa Septemba, Hospitali Ikaandika Aprili

Mwaka 2009, nilipokuwa mgeni hapa Columbus, Ohio, nilijaza fomu ya hospitali kama nilivyozoea kufanya nyumbani Tanga: siku kwanza, kisha mwezi, kisha mwaka. Niliandika 4/9, nikimaanisha tarehe 4 Septemba. Marekani mwezi hutangulia siku, kwa hiyo karani wa mapokezi aliingiza kwenye kompyuta tarehe 9 Aprili, na tangu hapo nikawa watu wawili: mmoja wa Septemba, anayejulikana na bima, na mwingine wa Aprili, anayejulikana na hospitali. Bima ilikataa kulipia vipimo vyangu vya damu kwa kuwa haikumtambua huyo wa Aprili. Mapokezi walinielekeza kitengo cha malipo, malipo wakanielekeza kitengo cha kumbukumbu, na kumbukumbu wakataka nakala ya pasipoti kwa faksi. Ilichukua miezi mitano.

Baadaye nilipata leseni ya uuguzi, na leo nafanya kazi katika hospitali kubwa ambako nayaona hayo hayo yakiwapata wengine kila wiki.

Nilianza kazi wakati majalada ya karatasi yanaondolewa. Sheria iliyotiwa saini mwaka 2009 ilitenga fedha za serikali kuu kwa hospitali zitakazotumia kumbukumbu za kielektroniki; malipo yakaanza mwaka 2011, na hospitali nyingi zikabadilisha mifumo kwa haraka. Tulifundishwa wapi pa kubofya na namna ya kubadili nywila. Miezi ya mwanzo nilikuwa nikibaki baada ya zamu kumalizia kuandika, nikiwa nimechoka macho kuliko miguu. Hata hivyo siutamani mfumo wa karatasi. Kabla ya kumpa mgonjwa dawa, sasa ninamuuliza jina na tarehe ya kuzaliwa, kisha ninaskani bangili ya utambulisho aliyovaa mkononi na pakiti ya dawa, na kompyuta hunizuia nikikosea. Nimewahi kufanya kazi katika wodi ambako kina mama wawili wenye jina moja walilala vitanda jirani, na tuliwatofautisha kwa kitanda tu. Najua thamani ya bangili ile.

Tatizo ni kwamba utambulisho huu unadhani kila mtu ana jina linaloandikwa kwa namna moja tu, na siku ya kuzaliwa inayojulikana. Sisi hutumia jina letu, la baba na la babu, na fomu ikitaka majina mawili tu, leo karani ataandika la baba, kesho mwenzake ataandika la babu. Mohamed wa pasipoti huwa Muhammad wa maabara. Na wengi waliokuja kama wakimbizi, kwa kuwa siku yao ya kuzaliwa haikuandikwa popote, waliandikiwa tarehe 1 Januari. Katika mji huu wenye familia nyingi za Kisomali, na za Kikongo pia, unaweza kukuta watu kadhaa katika chumba kimoja cha kusubiri wenye majina yanayokaribiana na siku moja ya kuzaliwa. Karani mwenye foleni ndefu huchagua jina la kwanza linalojitokeza kwenye skrini.

Hivyo ndivyo ilivyomtokea mzee mmoja aliyeishi miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma. (Nimebadilisha mambo madogo ili asitambulike.) Taarifa za mtu mwingine ziliingizwa katika faili lake, na daktari akamuuliza kwa nini hatumii dawa zake za kisukari. Mzee alinigeukia, akasema, "Mwanangu, sukari hiyo si yangu." Nilimwamini palepale, lakini muuguzi hana mamlaka ya kutenganisha mafaili. Nilituma maombi kitengo cha kumbukumbu, ambako kila taarifa ilipaswa kuchunguzwa peke yake, na kwa wiki kadhaa kila daktari mpya alimsoma kama mgonjwa wa kisukari. Mtu anaweza kupewa dawa ya kushusha sukari asiyoihitaji, na hilo linaweza kuua. Ndiyo maana ninakasirika tukiambiwa kuwa haya ni makosa madogo ya uandishi.

Kisha ukaja ujumbe wa simu, uliotafsiriwa kwa Kiswahili, ukisema miadi yake ni "saa 10:00". Binti yake alielewa saa kumi jioni, kama ambavyo mimi na wewe tungeelewa, akamleta wakati huo. Miadi ilikuwa saa nne asubuhi. Kompyuta ilikwisha kuandika kwamba hakufika, na nafasi iliyofuata ilikuwa baada ya miezi mitatu. Hapakuwa na mtu pale mapokezi mwenye ruhusa ya kuibadilisha.

Ndugu zangu mnaofika sasa, andikeni mwezi kwa herufi. Jina liwe lile lile la hati yenu ya uhamiaji, herufi kwa herufi, na mwombeni karani awasomee alichoandika kabla hamjaondoka dirishani. Ombeni mkalimani, hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kumtoa bila malipo, na msikubali mtoto wenu wa shule afanye kazi hiyo. Nanyi wauguzi wenzangu, mgonjwa akisema ugonjwa fulani si wake, msimjibu kwa kumsomea skrini.

Faili la mzee lilisafishwa hatimaye. Lakini kabla ya hapo nakala ilikuwa imeshatumwa kliniki ya macho kwa rufaa, na kliniki hiyo bado inamwita kila mwaka kwa uchunguzi wa wagonjwa wa kisukari. Kila mwaka binti yake hupiga simu, hueleza upya, na huambiwa kwamba marekebisho lazima yatoke hospitali.