Shamba la Rumonge

Watu wakisikia kwamba wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 walipewa uraia wa Tanzania, hudhani mambo yaliishia hapo. Mimi ni mjukuu wa mmoja wao, nimezaliwa Katumba, makazi ya wakimbizi karibu na Mpanda, magharibi mwa Tanzania. Kwetu hayajaisha.

Babu alitoroka Rumonge, upande wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, usiku, kwa mtumbwi, mauaji yalipopamba moto. Alifikia Kigoma, na baadaye yeye na wenzake wakaletwa Katumba kufyeka miombo, wakalima mahindi, mihogo na tumbaku. Kutoka nje ya makazi kulihitaji kibali. Baba, aliyevushwa ziwa akiwa mgongoni, alikua hivyo.

Halafu ukaja uamuzi wa kurudi Burundi au kuomba uraia, nao ukaipasua nyumba yetu. Babu akabaki. Aliyerudi ni baba mdogo, mzaliwa wa Katumba, ambaye hakuwahi kuiona Burundi. Wengi hushangaa, mimi sishangai. Babu alikuwa ameyaona mauaji kwa macho yake. Baba mdogo alilelewa kwa simulizi za michikichi ya babu, ilivyokuwa mingi na ilivyozaa.

Huko, kwenye shamba la babu, alikuta familia nyingine imekaa zaidi ya miaka 30, hata makaburi yao yako pale. Shamba likagawanywa nusu kwa nusu, mpaka ukapita katikati ya michikichi, na kila mavuno ni ugomvi. Simwoni mwovu kati yao. Wanaogombania mikungu leo hawakumfukuza mtu yeyote.

Nasi tuliobaki tulisubiri. Watu zaidi ya 160,000 walikubaliwa uraia wa tajinisi, yaani wa kuomba, lakini vyeti vilianza kugawiwa 2014, kwa sababu mpango ulikuwa tutawanywe mikoa mingine kwanza. Baba alikuwa amefyatua tofali za nyumba mpya, akazifunika kwa nyasi. Utajengaje mahali unapoambiwa utahama? Mvua zikazila, msimu hata msimu, mpaka likabaki tuta la udongo. Inaniuma kuliko nilivyodhani ingeniuma, maana zile zilikuwa nguvu zake za ujanani.

Mpango wa kututawanya uliachwa baadaye, na baba amejenga. Sasa anataka twende Rumonge, mimi na yeye, tukaketi na familia ile na kuzungumza juu ya ule mpaka, kabla watoto wa baba mdogo hawajairithi kesi.