Dughulushi imekubali Tanga mjini

Kila niliyemwambia nataka kuotesha ua la dughulushi (African violet) hapa Tanga mjini alinicheka. "Hilo ua la baridi, la milimani kule Amani na Lushoto. Huku litaiva tu." Leo hao hao ndio wanaoniomba jani.

Baridi gani? Walter von Saint Paul-Illaire, Mjerumani aliyekuwa mkuu wa wilaya hapa hapa Tanga, alilikuta kwenye majabali ya chokaa karibu na mji, si milimani peke yake. Akapeleka mbegu kwao, na mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalibandika jina la Saintpaulia. Huko Ulaya limejaa madirishani. Sisi wenye nalo tunaambiwa halioti!

La kwanza nililinunua kwa muuza miche. "Dada'angu, liweke juani, mwagilia asubuhi na jioni, tia samadi usiogope." Nikatii. Majani yakapauka, yakaingia madoa ya kahawia kila maji yalipotua, kisha katikati pakalainika. Siku nilipolishika kulisogeza, kichwa chote kilibaki mkononi, chini hakuna mzizi hata mmoja. Nilipomrudia akaniambia nimelinyima maji.

Shangazi yangu wa Lushoto ndiye aliyenipa jani moja, na kikonyo chake. Nilikipunguza kwa wembe, nikakichomeka kwenye mchanga na mboji, nikafunika na chupa ya maji iliyokatwa kitako. Halafu ukae kimya. Usilichomoe kuchungulia! Wiki zilipita hadi nikakata tamaa, mara pale chini pakachomoza vijani vyenye manyoya, masikio ya panya kabisa.

Kwenye maji sasa ndipo ninapojisifu. Ua hili linataka mizizi ipate unyevu bila majani kulowa. Nikapitisha utambi kwenye tundu la kopo, ncha moja kwenye udongo, nyingine kwenye bakuli la maji lililo chini, kopo lenyewe likikaa juu ya mfuniko uliotobolewa ili lisiguse maji. Utambi wa taa ya chemli uliniozea, maana ni pamba. Uzi wa kufumia, ule wa plastiki, ndio haujaoza hadi leo. Linakunywa lenyewe. Nilisafiri kwenda msibani, nikarudi nikalikuta limechangamka kuliko mimi. Gharama? Sijui, elfu mbili tatu, uzi wenyewe ulikuwa masalio ya kitambaa cha meza.

Liko barazani nyuma, pembeni ya mtungi, panapofika mwanga ila si jua. Samadi sitii kabisa.

Ukiletewa lenye mizizi iliyoshikana na moss (vile vimea laini vya kijani vinavyotanda juu ya mawe) na vipande vya jabali, usinunue. Hilo limeng'olewa msituni, na huko yameanza kuwa adimu. Jani moja linatosha. Mimi nagawa bure, ila njoo na kopo lako, yangu yameisha.