Viroba tisa na mlenda wa uani

Huku Nkuhungu maji yakikata yamekata kweli, na mvua ya Dodoma mnaijua, ikishaaga mwezi wa 4 ndo basi tena mpaka Novemba, Desemba huko. Mi nimepanga, shamba sina, nina viroba 9 tu vya unga nimevijaza udongo na samadi ya mbuzi (ya bure, jirani anafuga), humo kuna chainizi, mchicha na mlenda. Namwagilia maji niliyooshea mchele na suuzo la mwisho la nguo. Mwanzoni nilimwaga hadi yale ya povu zito, chainizi ikababuka majani yote, mama mwenye nyumba alicheka mpaka akakaa chini jamani.

Ila ndo yeye huyohuyo alonifundisha kuanika mlenda, ukikauka unautwanga unaweka kwenye kopo, kiangazi mboga zikipanda bei sokoni Majengo we unachota vijiko viwili tu, maji yanachemka, magadi kidogo, karanga za kusaga, ugali wa uwele pembeni. Mkaa bado unanisumbua. Maharage siku hizi naloweka usiku, angalau yaive haraka mkaa usiishe.