Ledi

Mwaka 1996 nilikuwa kidato cha pili, shule ya kutwa Tanga mjini, na nilijiona bingwa wa Kiingereza kwa sababu moja tu: sikuogopa kusoma kwa sauti. Ticha akianza kutafuta msomaji, wenzangu walikuwa wanainama kama wameangusha kitu chini ya dawati. Mimi nanyoosha mkono.

Siku hiyo, kipindi cha kemia, nikapewa ukurasa wa jaribio. Neno "lead" nilikuwa nalijua tangu kidato cha kwanza. Ni kuongoza, linatamkwa lidi. Nikasoma kwa mbwembwe: lidi naitreti, lidi ayodaidi. Nadhani lidi zilifika sita ticha aliponikatiza.

"Nani anamwongoza nani hapo? Hiyo ni ledi! Risasi!"

Akaandika Pb ubaoni. Mmoja akauliza hiyo P na B zimetoka wapi, mbona kwenye neno hazimo. Ticha akasema ni Kilatini, plumbum. Kwa hiyo neno halina P, halina B, na ile "a" iliyomo hailii. Sisi tuliotoka shule ya msingi tukiwa tumesoma kila somo kwa Kiswahili, ambacho herufi ukiiona unaitamka, tulitazamana tu. Nikaandika pembeni mwa daftari LEDI, nikapiga mstari mara mbili.

Halafu ticha akamimina maji ya chupa moja kwenye ya nyingine, yote maangavu kama ya kunywa, na palepale ikatokea njano kali, njano ya bizari hasa, ikawa inashuka chini taratibu kama vumbi. Darasa zima tulisema "aaah". Njano ile sijaisahau.

Baada ya mapumziko kikaja Kiingereza. Habari ya tembo: jike kikongwe ndiye anayeliongoza kundi kwenda majini. Nani atasoma? Mkono wangu huo hapo juu. Na nilipolifikia neno lenyewe, nikalitamka kwa fahari ya mtu aliyesahihishwa asubuhi hiyohiyo: ledi.

Madamu akaweka chaki chini. "Umesema?"

"Ledi, madamu. Ticha wa kemia amesema ni ledi."

Darasa likavunjika mbavu. Madamu mwenyewe alijizuia, akageukia ubao. Kuongoza leo ni lidi, akasema. Tembo akiwa ameongoza jana, hapo ndipo ledi, lakini "a" inatolewa kabisa. Nikauliza, basi na "read" jana yake inatolewa "a"? Hapana, hiyo inabaki. Unaandika vilevile, leo ridi, jana redi. Nikakaa chini.

Tangu siku hiyo jina langu ni Ledi. Miaka imepita, na bado wapo wanaoniita hivyo hadharani, halafu asiyejua kisa anadhani naitwa bibiye.

Jioni nilimkuta babu uani na jiko la mkaa. Alikuwa mvuvi wa mshipi, na siku hiyo alikuwa anatengeneza chubwi, vile vizito vya kuzamisha mshipi. Anavunja mabamba ya betri kuukuu ya gari, anayayeyusha kwenye kisufuria kilichotoboka mpini, kisha anamimina kwenye vishimo vya mchanga mkavu, kila kishimo kimechomekwa kijiti katikati ili pabaki tundu la kupitisha mshipi. Leo ningempokonya kile kisufuria, maana moshi wake ni sumu. Wakati ule nilichuchumaa pembeni na kuuvuta kama yeye.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mbona umenuna?"

Nikamweleza. Neno moja, ukilisoma hivi ni kuongoza, ukilisoma vile ni risasi.

"Risasi ya bunduki?"

"Hapana, hii hii," nikaonyesha kisufuria.

"Aa. Na hizo mbili wewe unazitenganisha kwa herufi gani?"

Nikamjibu kwamba sisi, angalau, tunavyoandika ndivyo tunavyosoma.

"Ehe. Juzi uliniambia wavu umeushona barabara. Uliushonea njiani?"

Nilifungua mdomo nikaufunga. Nikayasema yote mawili kimoyomoyo: ile ya magari, mkazo kwenye "ba" ya pili, na ile ya sawasawa, mkazo unarudi kwenye "ra" ya kwanza. Sikuwahi kufundishwa na mtu. Kwenye karatasi ni mapacha.

Nikaona nisishindwe kabisa. Babu alikuwa na penseli nyuma ya sikio, ya kuhesabia samaki, na maisha yake yote aliiita kalamu ya risasi. Nikamwambia ticha amesema humo ndani hamna risasi hata chembe, ni kaboni, ndugu yake mkaa.

"Hamna risasi?"

"Hamna, babu."

Akaichukua, akaichonga kwa kisu mpaka kile kiini cheusi kikatokeza urefu wa ukucha, akakivunja, akakidondosha kwenye risasi iliyoyeyuka. Tukainama wote wawili. Kikaelea juu, hakikuzama wala hakikuyeyuka, kikawa kinazunguka polepole kama ngalawa isiyo na nanga.

"Mh," alisema babu. Akakitoa kwa kijiti, akakitupa mchangani, akanipa sarafu niende dukani kumnunulia kalamu ya risasi nyingine.