Maneno ya Bwana Harusi

Wapendwa, maneno ya kwanza ya mwanadamu yanayonukuliwa katika Biblia ni ya bwana harusi. Adamu aliwapa wanyama wote majina, lakini sauti yake hatuisikii mpaka Mungu anapomletea mke: “Sasa huyu ni mfupa katika mifupa yangu, na nyama katika nyama yangu” (Mwanzo 2:23).

Mwaka huu kijana mmoja wa ushirika wetu aliniletea hotuba ya harusi yake niipitie, na ameniruhusu niwasimulie. Kurasa nne za daftari. Amewashukuru kamati, wasimamizi, wapishi, hata dereva wa basi lililowaleta wazee kutoka Murang'a. Wote wanastahili. Bibi harusi alikuwa mstari mmoja, chini kabisa.

Na harusi za Nairobi tunazijua. Zamu ya bwana harusi hufika jioni, keki imeshaliwa, emsii anatazama saa, wageni wa mbali wameanza kutafuta makoti. Usipoipunguza hotuba mwenyewe utapunguziwa, na kitakachokatwa ni cha mwisho. Tukampandisha mke juu, baada tu ya kumshukuru Mungu na wazazi.

Palikuwa na utani kuhusu mbuzi wa ruracio, yaani mahari. Nilimsihi aufute. Baba mkwe ameketi pale na binti aliyemlea. Asisikie mbele ya watu kwamba mtoto wake alikuwa ghali.

Kisha nikamuuliza alijuaje kwamba ni huyu. Akanieleza jinsi mama yake alivyolazwa, na huyu dada akawa anapanda matatu mbili kila jioni kumpelekea uji kwenye chupa ya chai. Nikamuuliza, mbona hilo halimo katika hotuba? “Mzee, hapo nitalia.” Nikamwambia alie. Mume wa Mithali 31 anamwambia mkewe waziwazi, “Binti za watu wengi wamefanya mema, lakini wewe umewapita wote.” Uji ule ndio sababu ya kusema hivyo.

Ndoa hutangazwa kanisani kabla ya siku ya harusi. Ndugu ambao majina yenu yamesomwa leo, siku zilizobaki zinatosha. Andika, futa, msomee msimamizi wako kwa sauti.

Bwana, uliyewaletea wake zao, wape ujasiri wa kulisema hilo mbele ya watu. Amina.