Pwani iliyokatika vipande: jinsi nilivyoziunga picha za MISR

Nilipounganisha picha za MISR za pwani kati ya Tanga na Mafia, mwambao ulitoka umekatika kama ngazi. MISR ni kifaa chenye kamera 9 kwenye setilaiti ya Terra, iliyorushwa Desemba 1999. Sehemu moja ya ardhi hupigwa picha na kamera zote ndani ya dakika 7 hivi, ya kwanza ikitazama mbele kwa nyuzi 70.5 na ya mwisho nyuma kwa nyuzi hizohizo. Kwanza nikashuku tofauti hiyo ya pembe. Lakini hata kamera ya katikati, inayotazama chini moja kwa moja, ilitoa ngazi zilezile, basi kamera hazikuwa na kesi.

Kumbe ni mpangilio wa faili. Mzunguko wa setilaiti umegawanywa vipande 180. Pale ambapo kila pikseli (nukta ya picha) inafunika mita 275, kila kipande kina mistari 512 ya pikseli 2048. Njia ya setilaiti inapinda, hivyo vipande husogezwa pembeni kwa vizidishio vya pikseli 64, yaani kilomita 17.6. Orodha ya misogeo imo ndani ya faili lenyewe, ila kila namba huhesabiwa kutoka kipande kilichotangulia. Nikazijumlisha mfululizo, nikatengeneza turubai pana, nikabandika kila kipande mahali pake. Mwambao ukaungana.

Thamani za mwanga zilibaki juu mno. Biti 2 za mwisho (tarakimu za 0 na 1) za kila namba ni alama ya ubora, hazihusiani na mwanga. Niliziondoa, ndipo nikazidisha kwa kizidishi cha kugeuza namba kuwa mwanga, kilichomo kwenye faili.